Splipy: kagua mafundo kabla ya kugusa nukta

Mkunjo ukitoka vibaya kwenye skrini, wengi hukimbilia nukta za udhibiti, zile zinazouvuta mkunjo upate umbo. Hii inasogezwa, ile inafutwa, mbili zinaongezwa pale palipobonyea. Mara nyingi nukta zenyewe hazina kosa. Kosa limekaa kwenye orodha ya mafundo (thamani za parameta ambako vipande vya mkunjo hukutana), au kwenye parameta zilizopewa data (namba zinazosema kila nukta iko wapi kwenye safari ya mkunjo), na vyote viwili havionekani kwenye picha. Kwa hiyo hapa Splipy inapitiwa kwa mpangilio huo: mafundo kwanza, nukta baadaye.

Splipy ni maktaba ya Python iliyotoka SINTEF, taasisi ya utafiti ya Norwei. Inashughulikia mikunjo, nyuso na maumbo ya splaini yenye ujazo, yaani maumbo ya vipande vya polinomia vilivyounganishwa. Imejengwa juu ya NumPy, maktaba ya hesabu za safu, na kuisakinisha ni `pip install splipy` tu. Haina dirisha la kuburuta nukta kwa kipanya. Unaandika msimbo, unapata umbo, unalihifadhi kwenye faili. Kwa mtu anayetaka kuchora bakuli moja kwa jicho, programu ya usanifu itamfaa zaidi. Kwa mtu anayetaka mapanga mia ya feni, kila moja na pembe yake, au gridi ya kukokotolea mtiririko wa hewa, Splipy ndiyo yenyewe.

## Oda siyo digrii

Kosa la kwanza hutokea kabla hata ya kuchora. Splipy inahesabu kwa oda, na oda ni digrii kuongeza moja. Splaini ya digrii 3 ina oda 4. SciPy na geomdl, maktaba nyingine za Python zenye splaini, zinapokea digrii. Ukinakili namba kutoka kwenye mfano wa SciPy ukaibandika hapa, unapata mkunjo wa digrii 2 bila onyo lolote, mradi idadi ya nukta ikubaliane na mafundo.

Kanuni ya kukagua ni moja, na inafaa ikae kichwani: idadi ya mafundo ni idadi ya nukta kuongeza oda. Nukta 6 zenye oda 4 zinataka mafundo 10. Yakiwa 8, basi huenda orodha imetoka kwenye OpenNURBS, maktaba iliyo ndani ya programu ya usanifu ya Rhino, ambayo huacha fundo la kwanza na la mwisho kwa sababu hayabadilishi umbo. Suluhisho ni kurudia fundo la kwanza mara moja zaidi mwanzoni, na la mwisho mara moja zaidi mwishoni. Faili za STEP, za kubadilishana maumbo kati ya programu za usanifu, nazo huandika kila fundo mara moja tu, kisha idadi ya marudio kando. Hapo lazima uyakunjue mwenyewe kabla ya kuyaingiza.

Mfano mdogo kabisa (msingi ni oda pamoja na orodha ya mafundo):

```python
from splipy import BSplineBasis, Curve

msingi = BSplineBasis(4, [0,0,0,0, 1,1,1,1])
nukta  = [[0,0], [1,2], [3,2], [4,0]]
mkunjo = Curve(msingi, nukta)
print(mkunjo(0.5))     # 2.0, 1.5
```

Mafundo manne ya 0 mwanzoni na manne ya 1 mwishoni ndiyo yanayoufunga mkunjo kwenye nukta ya kwanza na ya mwisho. Punguza sifuri moja, na mkunjo hautaanzia tena kwenye nukta ya kwanza. Hii ndiyo sababu ya kawaida ya vipande viwili kukataa kugusana ilhali nukta zao za mwisho ni zilezile.

Ukiita `mkunjo(1.2)` Splipy itakataa kwa kosa la ValueError, kwa kuwa 1.2 iko nje ya eneo la parameta. Huo ni ukali mzuri. BSpline ya SciPy, ukiiacha kwenye chaguo lake la kawaida, huendeleza polinomia ya kipande cha mwisho nje ya eneo na kukuletea namba inayoonekana ya maana. Anayehamia Splipy kutoka huko huona makosa mapya yakijitokeza, kumbe yalikuwepo siku zote.

## Fundo moja, kwa karibu

Tuchukue mkunjo huohuo na kuuongezea fundo moja katikati.

```python
mkunjo.insert_knot(0.5)
print(mkunjo.controlpoints)
```

Nukta zinakuwa tano: (0, 0), (0.5, 1), (2, 2), (3.5, 1), (4, 0). Tazama zilikotoka. Ya kwanza na ya mwisho hazikuguswa. Tatu za kati ni wastani wa majirani: nusu ya (0, 0) na (1, 2) ni (0.5, 1), nusu ya (1, 2) na (3, 2) ni (2, 2), na kadhalika. Mgao ni nusu kwa nusu kwa sababu 0.5 iko katikati kabisa ya eneo. Ungeingiza 0.25, mgao ungekuwa robo tatu kwa robo. Huo ndio utaratibu ambao Wolfgang Boehm aliuchapisha mwaka 1980, na ndio moyo wa karibu kila kazi ndani ya maktaba: kukata, kuunganisha, kulinganisha mikunjo miwili, vyote hurudi hapo.

Ita `mkunjo(0.5)` tena na jibu bado ni (2, 1.5). Umbo halikubadilika hata kidogo. Ingiza 0.5 mara mbili zaidi na nukta mpya inatua (2, 1.5) penyewe, juu ya mkunjo, sasa mkunjo unaweza kukatwa pale bila hesabu nyingine. Hapo utakuwa umefika kwa njia ya mafundo mahali ambapo Paul de Casteljau alifika akiwa Citroën, kwa kugawa mistari nusu kwa nusu.

Lakini kila fundo linaloongezwa mahali palepale lina gharama. Kwenye fundo lililorudiwa mara m, mkunjo wa digrii p unahakikishiwa mwendelezo wa ngazi p kutoa m. Digrii 3 na fundo moja: derivati mbili zinaendelea bila kukatika. Mafundo matatu mahali pamoja: mkunjo umeshikana tu, na kona inaruhusiwa. Kwa sasa umbo ni laini kama mwanzo, ila ukisogeza nukta moja jirani, kona itajitokeza. Ndiyo maana mtu hulalamika kwamba uso ulikuwa laini jana na leo una kona kali: fundo lililoongezwa kwa ajili ya kukata liliachwa palepale baada ya kazi kwisha. `mkunjo.continuity(0.5)` inakuambia ngazi ya mwendelezo mahali hapo, iite kabla ya kulaumu nukta.

Jambo linalohusiana, na ambalo watu huligeuza mara kwa mara, ni mpangilio wa kuongeza digrii na kuongeza mafundo. Anza na kipande kimoja cha digrii 2. Ukiita `refine(3)` kisha `raise_order(1)`, unapata digrii 3 yenye nukta 10, na mwendelezo wa derivati moja tu kwenye mafundo. Ukigeuza, `raise_order(1)` kwanza kisha `refine(3)`, unapata nukta 7 na derivati mbili. Umbo ni lilelile katika hali zote mbili. Tofauti inatokana na kwamba kuongeza digrii lazima kutunze kona zilizowezekana zamani, kwa hiyo kila fundo la ndani linarudiwa. Kwa wanaofanya uchambuzi wa isojiometria, yaani ukokotozi unaotumia splaini zilezile za umbo, nukta 7 dhidi ya 10 kwa mwelekeo mmoja ni 343 dhidi ya 1000 kwenye umbo la ujazo. Pandisha digrii kwanza.

Halafu kuna suala la kubadilisha papo hapo. `insert_knot`, `refine`, `raise_order`, `translate`, `rotate` na wenzao hubadilisha kitu chenyewe, hawatengenezi nakala. `b = a` siyo nakala; `b = a.clone()` ndiyo nakala. Alama ya jumla, kama `a + (1,0,0)`, inarudisha kitu kipya, lakini `a += (1,0,0)` inakisogeza kile cha zamani.

## Duara na uzito

Polinomia haiwezi kuwa duara kamili. Unaweza kukaribia sana: robo ya duara kwa Bezier ya digrii 3, ukiweka mikono yenye urefu wa 0.5523 ya nusu kipenyo, inakosea takriban 0.027% tu. Kwa herufi za fonti hiyo inatosha na kubaki. Kwa kikombe cha beringi haitoshi, na hapo ndipo uzito unapoingia: kila nukta inabeba namba ya ziada, na mkunjo unakuwa uwiano wa polinomia mbili. Hizo ndizo NURBS.

Katika Splipy, uzito una mtego mmoja mkubwa. Maktaba inahifadhi nukta zikiwa tayari zimezidishwa kwa uzito wake. Nukta (1, 1) yenye uzito 0.7071 haiandikwi `[1, 1, 0.7071]`. Inaandikwa `[0.7071, 0.7071, 0.7071]`.

```python
from math import sqrt
w = 1/sqrt(2)
robo = Curve(BSplineBasis(3), [[1,0,1], [w,w,w], [0,1,1]], rational=True)
```

`BSplineBasis(3)` bila orodha ya mafundo inakupa 0,0,0,1,1,1. Kagua `robo(0.5)`: umbali wake kutoka kwenye kitovu lazima uwe 1. Ukisahau kuzidisha na kuandika `[1, 1, w]`, umbali huo unatoka 1.24, yaani duara limetokeza kama limevimba kwenye nyuzi 45. Ukiona uvimbe huo, usitafute kosa kwingine. geomdl inapunguza utata kwa kuwa na majina mawili, `ctrlpts` kwa nukta tupu na `ctrlptsw` kwa zilizozidishwa. Ukihamisha data kutoka huko, chukua ya pili.

Duara zima lipo tayari:

```python
import splipy.curve_factory as cf
duara = cf.circle(r=1)
```

Ndani yake kuna nukta 8, wala siyo 9 unazoziona vitabuni, kwa sababu duara hili ni la mzunguko: nukta ya tisa ingekuwa nakala ya kwanza. Mafundo yanaanza kabla ya eneo na kuishia baada yake ili mwisho ukutane na mwanzo. Programu nyingine inayotaka mkunjo wa kawaida haitakuelewa, `duara.split(0)` inaukata na kurudisha mkunjo uliofunguka wenye nukta 9.

Eneo la parameta ni 0 hadi 2π, na hapo ndipo wengi huteleza. Parameta hiyo inafanana na pembe, lakini siyo pembe. Kwenye 0, π/2, π na 3π/2 vinalingana, na katikati ya kila robo pia. Kwingine hapana. `duara(pi/8)` haikupi nyuzi 22.5, inakupa nyuzi 21.6. Kasi ya mkunjo inatoka 0.90 kwenye ncha za robo hadi 1.05 katikati yake. Ukitoboa mashimo 16 kwenye flanji kwa kugawa parameta sawasawa, nusu ya mashimo yatakuwa karibu nyuzi moja nje ya mahali pake. Kwenye kipenyo cha milimita 200 hiyo ni milimita moja na nusu, na bolti haitaingia. Pembe zitafute kwa sini na kosini. Splaini iachie kazi ya umbo.

## Nukta zilizopimwa

Hapa ndipo penye kazi nyingi na makosa mengi. Una nukta kutoka kwenye kifaa cha kupimia na unataka mkunjo upite ndani yake.

```python
t = [0, 1, 2, 3]
x = [[0,0], [4,0], [4.1,0.2], [8,0.2]]
m = cf.cubic_curve(x, t=t)
```

Nukta nne, digrii 3, hivyo polinomia moja tu. Umbali kati yao ni 4, kisha 0.22, kisha 3.9. Lakini `t` inasema muda wa kusafiri ni sawa katika vipande vyote vitatu. Mkunjo unafika nukta ya pili ukiwa na kasi kubwa, unatakiwa kutumia sekunde nzima kutembea 0.22, na hauwezi kusimama ghafla. Unafanya nini? Unapitiliza kisha unarudi nyuma. Kwenye t = 1.5 derivati ya x ni −0.22: mkunjo unatembea kinyumenyume katikati ya data ambayo x yake inaongezeka tu. Kwenye picha ni kikunjo kidogo kama cha uzi uliolegea, na mtu atasema kipimo kilikuwa kibaya.

Kipimo ni kizuri. Iondoe `t`, na Splipy itatumia jumla ya umbali kama parameta: 0, 4, 4.22, 8.12. Sasa derivati mahali palepale ni 0.45 na kikunjo kimekwisha. Kwa data yenye kona kali, kipeuo cha pili cha umbali badala ya umbali wenyewe hutulia zaidi. Hiyo inabidi uihesabu mwenyewe kwa mstari mmoja wa NumPy na kuipitisha kama `t`. Parameta sawa kwa sawa zinafaa pale tu nukta zilipopimwa kwa hatua sawa.

Nukta mbili zinazofanana mfululizo zina tatizo lake: umbali ni sifuri, parameta mbili zinakuwa moja, na matriksi haitatuliki. Vifaa vya kupimia hutoa nukta pacha kila kichwa kinaposimama kubadilisha mwelekeo. Zisafishe kwanza, kwa kiwango cha umbali badala ya ulinganifu kamili, maana mara nyingi zinatofautiana kwenye tarakimu ya tisa.

Kuhusu ncha: `cubic_curve` inachukua `boundary`, na chaguo la kawaida ni `FREE`, ambalo linaacha data iamue. `NATURAL` inalazimisha derivati ya pili kuwa sifuri kwenye ncha. Jina linavutia, lakini isipokuwa umbo lako kweli limenyooka mwishoni, hilo ni kusema uongo kuhusu ncha, na kosa linalokuwa la ngazi ya nne ya urefu wa hatua katikati linashuka hadi ngazi ya pili pembeni. Kama unajua tanjenti za ncha, zitoe kwa `TANGENT`. Kwa mkunjo uliofungwa tumia `PERIODIC`.

Ukitaka kuchagua mafundo mwenyewe, `cf.interpolate(x, msingi, t)` inakubali, na hapa sharti la Schoenberg na Whitney halina msamaha: kila fanksheni ya msingi (ipo moja kwa kila nukta ya udhibiti) lazima iwe na nukta yake ya data ndani ya eneo inalotawala. Chukua oda 4 na mafundo 0,0,0,0,1,2,3,3,3,3. Fanksheni ni sita. Ya tano inatawala kati ya 1 na 3. Ukileta data kwenye 0, 0.2, 0.4, 0.6, 0.8 na 3, ya tano kwa mpangilio ni 0.8, iko nje ya eneo hilo, na matriksi haitatuliki. Data sita, vigezo sita, na bado hakuna jibu. Ukiwa na uhuru wa kuchagua mahali pa kupima, ita `msingi.greville()`. Kwa mafundo haya inarudisha 0, 1/3, 1, 2, 8/3, 3, ambazo ni wastani wa mafundo matatu matatu ya ndani, na zinatimiza sharti siku zote.

Data yenye kelele usiipitishie mkunjo kila nukta. Nukta 500 za skana zikilazimishwa zote, mkunjo unanakili mtetemo wa skana kwa uaminifu mkubwa. `cf.least_square_fit(x, msingi, t)` na msingi wa nukta 12 au 15 itatoa kitu kinachofanana na kipande chenyewe. Anza na mafundo machache, chora tofauti kati ya data na mkunjo. Tofauti ikionyesha wimbi linaloeleweka, ongeza fundo pale wimbi lilipo. Ikionekana kama mchanga uliotawanyika, acha.

## Nyuso

Uso ni mikunjo miwili iliyosukwa: msingi mmoja kwa u, mwingine kwa v, na gridi ya nukta. Ukizipa `Surface` nukta kwa orodha bapa, u ndiyo inayokimbia kwanza. Anayeandika kwa mpangilio wa safu za NumPy huzigeuza bila kujua, na uso unatoka umejisokota kama kitambaa kilichokamuliwa. Kama idadi ya nukta ni sawa pande zote mbili, kosa halionekani hata kwenye picha, kwa sababu u na v zimebadilishana tu. Jaribu kwanza kwa gridi ya 3 kwa 4, usianze na 4 kwa 4. Idadi tofauti inafichua mengi.

Vilevile, `uso(u, v)` yenye u 10 na v 20 inarudisha gridi ya 10 kwa 20, wala siyo jozi. Ukitaka jozi, toa urefu sawa na `tensor=False`.

Njia nne za kuupata uso bila kuandika nukta zimo kwenye `surface_factory` (kwa kifupi `sf`): `extrude`, `revolve`, `edge_curves` na `loft`. Mbili za kwanza hazina maneno mengi. `edge_curves` ikipewa mikunjo minne inajaza katikati kwa njia ya Coons: uso ulionyooshwa kati ya jozi ya kwanza, kuongeza uso ulionyooshwa kati ya jozi ya pili, kutoa uso wa kona nne. Mikunjo lazima izunguke kama mtu anayetembea kando ya uwanja, mwisho wa mmoja ukiwa mwanzo wa mwingine. Mmoja akigeuka, `reverse()` inatibu.

`loft` inapitisha uso juu ya mikunjo kadhaa ya ukataji, mithili ya mbavu za meli (neno splaini lenyewe lilitoka kwa ubao mwembamba uliopindwa na wachoraji wa meli). Kabla ya kusuka, mikunjo yote inafanywa iwe na mafundo yaleyale, kwa kuunganisha orodha zote. Hapo ndipo faili hunenepa. Mbavu 10 za digrii 3, kila moja na mafundo 20 ya ndani yake pekee, zinazaa mafundo 200 na nukta 204 kwa upande mmoja. Uso mzima una nukta 2040. Zikitengenezwa zote kwa msingi mmoja tangu mwanzo ni nukta 24 kwa upande, 240 kwa uso. Tena uso wa 2040 hauna ulaini zaidi. Una makunyanzi, kwa kuwa mafundo yaliyokaribiana sana yanaruhusu mawimbi madogo katikati ya mbavu. Kwa hiyo tengeneza msingi mmoja, fanya `least_square_fit` ya kila ubavu kwa msingi huo, ndipo usuke.

Mbavu zikiwa nne au zaidi, `loft` inapima umbali kati ya vitovu vya mikunjo ili kupata parameta. Duara mbili zenye kitovu kimoja, moja ndani ya nyingine kwenye kimo kilekile, zina umbali sifuri. Ukingo wa sahani wenye bega bapa ni mfano halisi wa hilo. Usilofti hapo, chora wasifu kama mkunjo mmoja na uuzungushe kwa `revolve`.

Mwisho wa nyuso ni sehemu zilizokufa. Tufe lina ncha mbili ambapo upande mzima wa gridi umekusanywa kwenye nukta moja, na `normal` hapo inagawanya sifuri kwa sifuri. Sahani ya `sf.disc` ya aina ya `radial` ina tatizo hilo katikati. Aina ya `square` inaliondoa katikati na kuliweka kwenye kona nne, ambapo kingo mbili zinazokutana zote zinafuata tanjenti ya duara, hivyo pembe kati yao ni nyuzi 180. Kwa kuchora tu, sogea 0.000001 kutoka kwenye kona. Kwa ukokotozi, gawa sahani vipande vitano: mraba katikati na vinne kuuzunguka.

## Kutoa faili

```python
from splipy.io import G2

with G2('umbo.g2') as f:
    f.write(uso)
```

G2 ni maandishi ya kawaida, na inafaa kuifungua kwa kihariri angalau mara moja. Mstari wa kwanza unaanza na 100 kwa mkunjo, 200 kwa uso, 700 kwa ujazo. Unaofuata una idadi ya vipimo, kisha 1 kama kuna uzito au 0 kama hakuna. Kisha kwa kila mwelekeo: idadi ya nukta na oda, na chini yake mafundo. Hesabu: nukta kuongeza oda iwe sawa na mafundo. Dakika moja ya kusoma faili hiyo hupata makosa ambayo saa nzima ya kuzungusha picha haiyapati.

Kwa STL, aina ya faili inayohifadhi pembetatu tu, splaini inapotea na pembetatu zinabaki, kwa hiyo taja mwenyewe idadi ya vigawanyo. Kipande cha urefu L kwenye mpindo wa nusu kipenyo R kinakosea takriban L × L ÷ 8R. Kwa R ya milimita 50 na kosa la 0.05, L ni 4.47, na duara lenye mzingo wa 314 linataka vipande 71. Watu huweka 500 kwa kila mwelekeo ili kuwa salama, kisha wanashangaa pembetatu nusu milioni kwenye mfuniko wa chupa. Gawa zaidi pale penye mpindo tu, na kumbuka kwamba kama mkunjo una kona kwenye fundo fulani, parameta ya fundo hilo lazima iwe miongoni mwa unazozipima, la sivyo kona inakatwa kimya kimya na kipande cha bapa kinatokea mahali pake.